Shule, Mtaa na Bei ya Kiwanja Dar es Salaam

Mtu anayetafuta kiwanja au nyumba Dar es Salaam humuuliza dalali maswali yanayojulikana: ni mita ngapi kutoka lami, umeme na maji vimefika, gari linaingia mpaka getini, wakati wa masika maji yanapita wapi, kuna hati miliki au ni karatasi za serikali ya mtaa tu. Shule ikitajwa, hutajwa mwishoni, ndani ya kauli ya jumla kwamba huduma zote za jamii zipo. Ni nadra mnunuzi kuuliza shule ya msingi ya mtaa huo ilipata wastani gani kwenye mtihani wa darasa la saba, ingawa Baraza la Mitihani hutoa matokeo ya kila shule, na mwenye simu anaweza kuyasoma akiwa amesimama palepale kiwanjani. Kimya hicho kina maana yake, na ndicho kinachochunguzwa hapa.

Nchini Marekani mnunuzi wa aina hiyo angeonekana mzembe. Kule, kwa sehemu kubwa, anwani ya nyumba ndiyo inayompa mtoto nafasi katika shule ya umma. Kila shule ina mpaka wake wa udahili, na ukivuka barabara moja unaweza kuwa umeingia eneo la shule nyingine. Mwaka 1999 mwanauchumi Sandra Black alichapisha utafiti ulioitumia hali hiyo kwa ustadi. Alichukua nyumba za vitongoji vya Boston zilizo karibu na mipaka hiyo, za upande huu na za upande ule. Nyumba hizo zilikuwa na majirani walewale, barabara zilezile na umbali uleule wa kwenda kazini. Zilichotofautiana ni shule. Aliona kwamba matokeo ya mitihani yakiwa juu kwa asilimia 5, wazazi walikuwa tayari kulipa takriban asilimia 2.5 zaidi kwa nyumba. Miaka 30 kabla yake, Wallace Oates alikwisha kuonyesha kwa takwimu za manispaa za New Jersey kwamba kodi ya majengo na matumizi ya shule huishia ndani ya bei ya nyumba.

Tafiti za namna hii sasa ni nyingi, na husomwa kana kwamba zimegundua kanuni ya kila mji: shule bora hupandisha bei ya nyumba. Mimi nazisoma kwa namna nyingine. Kinachopimwa pale si upendo wa wazazi kwa elimu, kwa sababu upendo huo Dar es Salaam haujapungua. Kuna familia zinazouza shamba ili kulipa ada. Kinachopimwa ni kazi ya vitu viwili vilivyowekwa na sheria, mpaka wa udahili na kodi ya majengo. Mahali ambapo vitu hivyo havimfungi mwenye nyumba na shule ya jirani yake, shule haipandishi bei ya ardhi. Bei ya ardhi ikipanda kwa sababu nyingine, yaani lami, umeme au kituo cha daladala, ndipo nayo huanza kuila shule.

Kabla ya kuutamani mpaka wa Kimarekani, inafaa kuona ulivyofanya kazi San Antonio, Texas. Mwaka 1968 wanafunzi wa sekondari ya Edgewood, upande wa magharibi wa jiji hilo walikoishi zaidi Wamarekani wenye asili ya Meksiko, walitoka madarasani kupinga majengo mabovu na uhaba wa walimu wenye sifa. Wazazi wao walikwenda mahakamani wakiongozwa na Demetrio Rodriguez, fundi wa bati katika kambi ya jeshi la anga. Hesabu zilizofikishwa mbele ya majaji zilikuwa za mwaka wa shule 1967/68. Katika wilaya ya shule ya Edgewood, mali inayotozwa kodi, ikigawanywa kwa idadi ya wanafunzi, ilikuwa na thamani ya dola 5,960 kwa mwanafunzi mmoja. Alamo Heights, katika jiji lilelile, ilizidi dola 49,000. Edgewood walijitoza dola 1.05 kwa kila dola 100 za mali. Alamo Heights walijitoza senti 85. Pamoja na kujitoza zaidi, kodi hiyo iliwapa watu wa Edgewood dola 26 kwa mwanafunzi juu ya kiwango ambacho jimbo liliwataka wachangie, ilhali wenzao walipata dola 333. Maskini alilipa kiwango kikubwa zaidi akapata shule iliyovunjika madirisha.

Tarehe 21 Machi 1973 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kura 5 dhidi ya 4 kwamba utaratibu huo hauvunji katiba ya nchi. Miongoni mwa wanne waliopinga alikuwamo Jaji Thurgood Marshall, na hapo hadithi inatugusa kwa karibu. Mwaka 1960, akiwa bado wakili, Marshall alikwenda London kuwashauri wajumbe wa Kiafrika wa Kenya katika mkutano wa katiba wa Lancaster House, akawaandalia rasimu ya tamko la haki. Moja ya mambo yaliyousumbua mkutano ule lilikuwa mali ya walowezi na namna ya kuilinda. Aliyepata kuandika ulinzi wa mali kwa ajili ya Kenya ndiye aliyeandika, miaka 13 baadaye, kwamba mtoto asipimiwe elimu kwa thamani ya mali ya majirani zake. Sioni ukinzani hapo. Naona mtu aliyejua kwamba mali na shule zikiunganishwa, lazima mtu mwingine asimame kati yake. Texas yenyewe ilichelewa kulikubali jambo hilo: mahakama yake ya jimbo ilibatilisha mfumo huo mwaka 1989, na mwaka 1993 likaanzishwa sharti la wilaya tajiri kuachia sehemu ya kodi yao kwa ajili ya nyingine.

Hata hivyo mpaka una upande wa pili ambao sisi hatuna. William Fischel, katika kitabu chake cha 2001 kuhusu wenye nyumba na kura zao, alieleza kwa nini mzee ambaye watoto wake walishamaliza shule zamani bado huunga mkono kodi ya shule na kwenda kwenye mikutano ya bodi. Anailinda nyumba yake. Shule ikiporomoka, bei ya nyumba itashuka nayo. Ni sababu ya choyo, lakini inafanya kazi, na inampa mwalimu mkuu watetezi ambao hawana mtoto hata mmoja darasani kwake.

Dar es Salaam nayo ilipata kuwa na mpaka, tena mkali kuliko wa Texas. Chini ya Wajerumani na kisha Waingereza jiji lilipangwa katika maeneo yaliyotenganishwa kwa viwango vya ujenzi, na kwa vitendo kwa rangi: Wazungu ufukweni kuelekea Oysterbay, Wahindi katikati ya mji na Upanga, Waafrika Kariakoo na Ilala, huku Mnazi Mmoja ukiachwa wazi katikati kama uwanja wa kutenga. Shule zilifuata mgawanyo huohuo, za Wazungu peke yake, za Wahindi peke yake na za Waafrika peke yake. Mtaa na shule vilikuwa kitu kimoja kwa nguvu ya serikali.

Uhuru uliuvunja mpaka huo kwa makusudi. Ubaguzi wa rangi katika udahili ulifutwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule iwe sehemu ya jamii inayoizunguka, yenye shamba lake na kazi zake. Mwaka 1971 majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yakataifishwa. Sekondari, kwa upande wake, zikawa za taifa zima: mtoto wa Bukoba alipangwa Songea, wa Lindi akapelekwa Moshi. Shule ya msingi ikabaki kuwa ya mtaa, na sekondari ikawa mahali pa kuutoka mtaa. Baada ya Azimio la Musoma la 1974 na kampeni ya elimu ya msingi kwa wote, ilifika mahali mtoto wa ofisa na mtoto wa mpishi wake wangeweza kukaa dawati moja, kwa kuwa njia nyingine haikuwapo.

Njia nyingine ilikuja miaka ya 1990, shule za msingi za binafsi zinazofundisha kwa Kiingereza ziliporuhusiwa kuenea. Matokeo yake yanaonekana kila alfajiri. Saa kumi na moja na robo Hiace ya njano inapiga honi kwenye kona, dada wa kazi anatoka mbio na begi mkononi, mtoto wa chekechea anapandishwa akiwa na sweta na macho bado yamefumba. Atazungushwa mitaa kumi kabla ya kufika shule iliyo kilomita 15 kutoka kitandani kwake. Saa moja na nusu baadaye, barabara ileile inapitwa na watoto wa shati jeupe na kaptula au sketi ya bluu, kwa miguu, mmoja ameshika fagio, mwingine kidumu cha maji. Watoto wa nyumba mbili zinazotazamana wanaweza kufika darasa la saba hawajui majina ya wenzao.

Hilo gari la njano ndilo linaloeleza kwa nini dalali haulizwi habari za shule. Mwenye uwezo hanunui nyumba ili apate shule. Ananunua nyumba, kisha ananunua shule kando, na nauli inaziunganisha. Ndiyo maana shule nyingi za binafsi hujengwa pembezoni, ambako eka moja bado inanunulika. Shule ya namna hiyo haina haja ya kuwa karibu na wanafunzi wake. Atakayesema kwamba viwanja vinavyoizunguka navyo hupanda bei atakuwa sahihi, ila aangalie kilichotangulia: mwenye shule amevuta umeme, ameshindilia barabara kwa kifusi, pengine amechimba kisima. Jirani ananunua nguzo ya umeme, si matokeo ya mtihani.

Kisa kimoja kinathibitisha hoja hii kwa kinyume chake. Vijijini, ambako sekondari ya kata iko mbali na hakuna gari la njano, shule hupandisha kweli thamani ya chumba. Wanafunzi wa sekondari hupanga vyumba karibu na shule, wanaviita mageto, hupika wenyewe na kulala wenyewe, na mwenye nyumba ya tope anapata kodi ambayo asingeipata kwa mpangaji mwingine. Hatari wanazokutana nazo wasichana katika mageto hayo zimekuwa hoja kubwa ya kujenga mabweni. Shule huingia kwenye bei ya nyumba pale tu mtu anapokosa namna ya kuukwepa umbali.

Albert Hirschman aliandika mwaka 1970 kwamba mteja asiyeridhika ana njia mbili, kuondoka au kupaza sauti, na kwamba wakati mwingine njia ya kwanza huiua ya pili. Wazo hilo lilimjia alipotazama reli ya Nigeria: wenye mizigo walipohamia malori, waliobaki hawakuwa na nguvu ya kuilazimisha reli ibadilike. Mfano wake mwingine ulikuwa shule za umma. Wazazi wanaojali ubora zaidi ndio wa kwanza kuhamisha watoto, na wanaondoka na sauti ambayo shule iliihitaji kuliko zote. Kilichotokea Dar es Salaam ni hicho, pamoja na jambo ambalo Hirschman hakulikuta. Mzazi wa Kimarekani akihama shule mara nyingi huhama na mtaa. Huku mzazi anabaki mtaani, jirani kabisa na shule aliyoikimbia, na bado haimhusu.

Kodi ingeweza kumrudisha, lakini kodi yetu imetengenezwa kwa namna isiyomgusa. Tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa kupitia LUKU, mfumo wa kulipia umeme kabla ya kuutumia. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa mjini, kisha ikapanda. Anayenunua umeme huona makato hayo kwenye ujumbe wa simu, na mara nyingi anayenunua ni mpangaji. Kiwango hakibadiliki kwa thamani ya nyumba, wala kwa ubora wa mtaa, wala kwa hali ya shule. Nyumba ya vyumba viwili bondeni na nyumba ya chini yenye bustani na mlinzi karibu na bahari zinaweza kulipa sawasawa. Kama njia ya kukusanya, ni rahisi na pengine ni werevu. Kama uzi wa kumfunga mwenye nyumba na mtaa wake, haipo.

Uzi uliokuwapo ulikuwa mchango. Mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari ulipoanza mwaka 2004 na kila kata ikatakiwa kuwa na sekondari yake, wananchi walitoa mchanga, mawe, matofali na siku za kazi. Shule hizo zilidhihakiwa kwa jina la yeboyebo, zilifunguliwa bila maabara na wakati mwingine na walimu wawili watatu, na dhihaka hiyo ilistahili kwa sehemu. Lakini mzee aliyesomba maji ya kuchanganyia saruji alikuwa na neno la kusema mwalimu mkuu alipokodisha kiwanja cha mpira. Mchango ulikuwa pia na uonevu wake: mtoto alirudishwa nyumbani kwa kukosa hela ya mlinzi au ya dawati. Waraka Na. 5 wa 2015 ukafuta ada na michango ya lazima, serikali ikaanza kupeleka ruzuku moja kwa moja shuleni, iliyopangwa kwa kiwango cha shilingi 10,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa msingi na 25,000 kwa wa sekondari. Kisha mwaka 2021 yakaja madarasa 15,000 kwa mkopo wa shilingi trilioni 1.3 uliohusiana na UVIKO-19. Watoto walionufaika ni wengi mno kwa mtu kuubeza uamuzi huo. Ila madarasa yalishuka kutoka juu, yamekamilika na kupakwa rangi, na jirani asiye na mtoto pale aliyatazama yakijengwa kama anavyotazama mnara wa simu.

Sasa rudi kwenye ardhi. Shule ya msingi ya mjini, hasa iliyojengwa wakati jiji likiwa dogo, ina kitu ambacho mitaa yetu isiyopimwa imekimaliza: eneo la wazi. Jumapili madarasa yake hukodishwa kwa ibada, jioni uwanja ni wa timu za mtaa, wakati wa uchaguzi ni kituo cha kura, wakati wa chanjo ni zahanati, na mkutano wa hadhara wa mtaa hufanyika chini ya mwarobaini wake. Getini wanakaa kina mama wa ubuyu, barafu na maembe ya pilipili. Huo ndio uhai wa mtaa ambao bei ya kiwanja haiuhesabu, na kwenye eneo hilohilo ndipo macho ya wafanyabiashara hutua barabara inapopanuliwa. Kwenye barabara zenye biashara utakuta ukuta wa shule umegeuzwa mstari wa fremu za maduka, duka la vipuri limepakana na darasa la tatu, na jenereta inanguruma wakati wa hesabu. Uongozi wa shule utakwambia fremu zinalipa mlinzi na umeme. Huenda ni kweli. Lakini kipande cha uwanja kikishakuwa fremu, sijaona kikirudi.

Nairobi ilionyesha mwisho wa njia hiyo. Tume iliyochunguza ugawaji haramu wa ardhi ya umma Kenya, iliyotoa ripoti mwaka 2004 na kujulikana kama Tume ya Ndung'u, ilitaja viwanja vya shule miongoni mwa ardhi iliyonyakuliwa. Tarehe 19 Januari 2015 wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road walirudi kutoka likizo wakakuta ukuta umewatenga na uwanja wao wa michezo. Waliusukuma wakiwa na wanaharakati, na polisi wakawapiga mabomu ya machozi. Dunia ilishangazwa na mabomu kwa watoto wa sare. Mimi kinachonishughulisha ni swali la kabla yake: mtaa wenye nyumba nyingi za watu wa kipato cha kati ulikuwa wapi ukuta ulipokuwa ukipanda tofali kwa tofali? Jibu rahisi ni hofu, na hofu ilikuwapo. Jibu langu ni kwamba wengi wao hawakuwa na mtoto ndani ya ukuta ule, wala bei ya nyumba zao haikutegemea uwanja ule.

Kuiga mpaka wa udahili wa Marekani hakutatusaidia. Kungezalisha Alamo Heights zetu huko Masaki na Mbezi Beach, na Edgewood zetu Vingunguti na Mbagala, katika jiji ambalo shule zake za serikali angalau hupokea ruzuku ileile kwa kichwa. Kinachowezekana ni kuchukua nusu ya utaratibu ule na kuacha nusu nyingine: sehemu ya kodi ya majengo irudi kwenye kata kwa ajili ya shule, igawanywe na halmashauri kwa idadi ya wanafunzi, si kwa thamani ya nyumba zilizoizalisha, na kiasi kilichofika kila shule kitangazwe mtaani. Mwenye nyumba atakuwa na sababu ya kuuliza. Atakayeuliza kuhusu fedha leo atauliza kuhusu uwanja kesho.

La pili halihitaji bajeti kubwa. Shule ipimwe, iwekewe mawe ya mipaka na ipate hati. Mradi wa viwanja 20,000 ulioanza Dar es Salaam mwaka 2002 ulitenga maeneo ya shule tangu kwenye ramani, lakini shule kongwe za mitaa ya zamani nyingi zinaishi kwa mazoea tu, zikiamini kwamba kila mtu anajua uwanja unaishia wapi. La tatu linahusu kamati ya shule, ambayo leo ni ya walimu na wazazi pamoja na wawakilishi wa serikali ya mtaa. Iongezewe viti vya wakazi wasio na mtoto pale, wenye nyumba na wapangaji. Na kila mkataba wa fremu, pamoja na kodi inayolipwa, jina la mpangaji na akaunti inakoingia fedha, ubandikwe kwenye mbao mbili za matangazo, ule wa shule na ule wa ofisi ya serikali ya mtaa, mahali ambapo hata mama wa ubuyu anaweza kuusoma.